Burgos kwa mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaopita Njia ya Mtakatifu Yakobo

Ukurasa huu ni wa anayetembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, njia ya hija ya kwenda Santiago de Compostela kaskazini mwa Hispania, au anayejiandaa kuitembea, na anataka kujua afanye nini akifika Burgos. Mengine humu ni taarifa tu, mengine ni maoni yetu na hatuyafichi. Oni kubwa kuliko yote ni hili: lala Burgos usiku mbili, si mmoja. Saa zote tumeziandika kwa hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo saa nne asubuhi ndiyo ile ambayo mlangoni utaikuta imeandikwa 10:00.

Burgos iko wapi kwenye njia?

Njia inayotembewa na wengi zaidi, Camino Francés, inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, na kuishia Santiago de Compostela. Zote ni kama kilomita 780. Ukifika Burgos umeshakata kama 285 na zimebaki 490 hivi. Watu wengi huingia mjini siku ya 12 au ya 13.

Kabla ya hapo unapita vilima na misitu ya mialoni. Baada ya hapo unaingia Meseta, uwanda wa juu wa mashamba ya ngano, siku nyingi za jua na upepo bila kivuli cha maana. Burgos ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya León, nao ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Castilla enzi za kati. Historia yake ni nzito, maduka yake yana kila kitu, na miguu yako kwa wakati huo itakuwa inadai haki yake.

Kwa nini usiku mbili? Wenzangu wote walilala mmoja wakaondoka.

Hesabu mwenyewe. Umetoka kijiji cha Agés au cha Atapuerca alfajiri, umefika mjini saa saba au saa nane mchana. Unatafuta kitanda, unaoga, unapanga foleni ya kufua, unakula. Tayari ni saa kumi na moja. Kanisa kuu peke yake linataka saa mbili. Hapo siku imekwisha, na monasteri ya Las Huelgas hujaiona, makumbusho hujaingia, mlimani kwenye ngome hujapanda. Asubuhi unaondoka saa kumi na mbili kabla hata mkate haujatoka jikoni.

Anayefanya hivyo atarudi nyumbani na picha nzuri ya minara miwili ya kanisa kuu, basi. Kama ratiba yako ni finyu, punguza siku moja kwingine, si hapa.

Ila angalia kalenda. Jumatatu Las Huelgas hufungwa, na Jumba la Makumbusho ya Mageuzi ya Binadamu pia. Jumapili Las Huelgas hufunguliwa asubuhi tu. Siku za kazi milango mingi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi kama saa kumi, watu wakienda kula. Ukiweza kuingia Jumanne au Jumatano mchana ukaondoka siku ya tatu asubuhi, umepanga vizuri.

Niingie mjini kwa njia ipi?

Hapa mishale ya njano inayoonyesha njia inakuchanganya, kwa sababu njia ni zaidi ya moja. Ile ya zamani inapita Villafría, na kuanzia hapo unatembea kilomita nyingi za lami kando ya barabara kuu, katikati ya maghala, viwanda na maduka ya magari. Ile nyingine unaichukua mbele kidogo ya kijiji cha Orbaneja Riopico: unazunguka uwanja mdogo wa ndege, unapita Castañares, kisha unashuka mtoni. Kutoka hapo unafuata mto Arlanzón chini ya miti hadi katikati ya mji.

Chukua ya mto. Haipunguzi wala haiongezi urefu wa kutisha, na tofauti ya magotini utaisikia jioni. Tena njia ya mto inapita karibu na Cartuja de Miraflores, monasteri ya Wakartusi iliyo juu kidogo ya bustani za Fuentes Blancas. Mwenye nguvu apande. Ndani ya kanisa lao kuna kaburi la Mfalme Juan wa Pili na mkewe Isabel wa Ureno, wazazi wa Malkia Isabel yule aliyemtuma Columbus baharini. Kaburi limechongwa kwa alabasta katika umbo la nyota, kazi ya Gil de Siloé, na altare ya nyuma imepakwa dhahabu kutoka chini hadi juu.

Je, ni kosa kupanda basi kutoka Villafría hadi mjini?

Hapana. Cheti cha Compostela, anachopewa hujaji akifika Santiago, kinadai kilomita 100 za mwisho kwa miguu, na Burgos iko mbali sana na hizo. Kwa hiyo swali ni la wewe na nafsi yako. Mwenye malengelenge yanayotoa damu apande basi, asisikilize maneno ya mezani.

Nitalala wapi?

Hosteli ya manispaa ya mahujaji iko mtaa wa Fernán González, nyuma tu ya kanisa kuu, ndani ya nyumba ya kale ya mawe iliyotengenezwa upya. Ina vitanda 150, bei ni kama yuro 10, na haipokei oda ya kabla. Aliyetangulia ndiye anayepata. Mlango hufungwa kama saa nne usiku, kwa hiyo usinogewe na meza za nje ukajikuta barabarani.

Kupata kitanda unahitaji kitabu cha mihuri cha hujaji, kwa Kihispania *credencial*, pamoja na pasipoti. Pasipoti wanaiandikisha kwa kila mgeni, awe Mjerumani au Mtanzania. Ni sheria ya nchi kwa nyumba zote za kulala wageni, usidhani umelengwa wewe.

Tatizo la wale wanaofuata ushauri wetu ni kwamba hosteli hii inakupa usiku mmoja tu, isipokuwa uwe mgonjwa au umeumia. Usiku wa pili uhamie hosteli ya binafsi au chumba cha hoteli ndogo. Sisi tungeanza na hoteli, tena chumba cha peke yako: baada ya karibu wiki mbili za kusikiliza watu 20 wakikoroma, usingizi mmoja wa kweli una thamani kuliko muhuri wowote.

Kuhusu kunguni: wapo kwenye njia nzima, na hosteli safi kabisa inaweza kuletewa na mgeni wa jana. Kagua pembe za godoro kabla ya kutandika, na begi usiliweke kitandani.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, ambazo zinatosha kutembea njia nzima na kupumzika. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, mathalani Ujerumani, Uholanzi au Uswidi, haombi tena. Anayeishi Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu kwa pasipoti ya Afrika Mashariki anaomba kama kawaida, kupitia ofisi inayohudumia anakoishi.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Usisubiri hizo siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Hata kama unaanzia upande wa Ufaransa, unaomba Hispania kwa sababu ndiko utakakokaa siku nyingi zaidi.

Kinachowakwaza wengi ni uthibitisho wa malazi. Ubalozi unataka kujua utalala wapi, na hosteli za manispaa hazitoi oda! Njia ya kutokea ni kuandika ratiba ya kituo hadi kituo, ukaambatanisha oda za hosteli za binafsi na hoteli zinazokubali kufutwa bila gharama, pamoja na tiketi ya kurudi na taarifa za benki. Barua ya paroko wako inayoeleza kuwa unakwenda hija haichukui nafasi ya nyaraka hizo, lakini huonyesha safari yako ina sababu.

Naweza kuanzia Burgos badala ya Ufaransa?

Ndiyo, na kwa mwenye likizo fupi ni wazo zuri. Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe unaunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul hadi Madrid. Kutoka Madrid kuna treni ya kasi ya kama saa moja na nusu, iliyoanza kufika Burgos mwaka 2022. Kituo cha treni kiko nje ya mji, kilomita tano au sita, unamalizia kwa basi la mji au teksi. Basi la masafa ni la polepole zaidi, ila linakushusha ng'ambo tu ya mto, dakika chache kwa miguu kutoka kanisa kuu, na yapo yanayotoka uwanja wa ndege wa Madrid moja kwa moja. Kwa mtu aliyetoka kwenye ndege na begi mgongoni, basi linashinda.

Kitabu cha mihuri unaweza kukipata hosteli ya mahujaji mjini hapo.

Kanisa kuu lina nini hasa? Makanisa nimeyaona mengi.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 20 Julai 1221, zama za Askofu Mauricio na Mfalme Fernando wa Tatu. Tangu 1984 kanisa hili liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Minara miwili ya mbele ilikuja zaidi ya miaka 200 baadaye, mkononi mwa Juan de Colonia, fundi aliyetoka Cologne, Ujerumani. Mawe yake yametobolewa mpaka anga linaonekana ndani yake. Mwanawe Simón na wengine wakaendeleza.

Usijaribu kuona kila kikanisa cha pembeni, utachoka na yote yatafanana. Tafuta vitu vinne.

Cha kwanza ni kuba la katikati. Lile la awali lilianguka mwaka 1539, likajengwa upya na kukamilika 1568. Simama chini yake, inua kichwa. Ukishusha macho, bamba la mawe mekundu miguuni pako ni kaburi la El Cid, shujaa wa Castilla tunayemweleza hapa chini, na mkewe Jimena.

Pili, Ngazi ya Dhahabu ya Diego de Siloé, ya miaka ya 1520. Ilihitajika kwa sababu kanisa limejengwa ubavuni mwa kilima: mlango wa upande wa kaskazini unafungukia mtaa wa juu, mita kadhaa kutoka sakafu ya kanisa. Na mtaa huo wa juu ndio ule ule wa mahujaji, utakaopita wewe na begi lako. Siku hizi mlango huo haufunguliwi, ngazi inatazamwa tu.

Tatu, Kikanisa cha Konstebo (si polisi, ni cheo cha mkuu wa majeshi ya mfalme), nyuma kabisa. Pedro Fernández de Velasco na mkewe Mencía de Mendoza wamelala pale kwa marumaru, yeye mume na upanga, mke na glovu mkononi. Miguuni pa bibi huyo amejikunja mbwa mdogo, manyoya yake yamechongwa hadi unatamani kumgusa. Usimguse. Juu yao dari ni nyota iliyoachwa wazi katikati, mwanga unapita.

Nne, Papamoscas. Ni mwanasesere wa saa aliyewekwa juu ukutani, nguo nyekundu, ndevu za kuchongoka, uso wa mtu aliyeshtuliwa. Kila saa ikigonga anavuta kengele na kufungua mdomo, pigo kwa pigo. Kando yake yuko mwenzake mdogo, Martinillo, wa kugonga robo saa. Panga kuwa pale saa sita mchana: anafungua mdomo mara 12, na watu wazima walionuna tangu asubuhi wanaanza kucheka ndani ya kanisa kuu.

Tiketi zinauzwa upande wa mlango wa Sarmental, na ukionyesha kitabu cha mihuri unapata bei ya mahujaji. Begi kubwa liache hosteli.

Nataka kusali tu, nilipe?

Hapana. Mlango wa mbele, ule wa Santa María chini ya minara, unaingiza wanaokwenda kusali, na Misa husomwa huko. Upande huo ndiko aliko Kristo Mtakatifu wa Burgos, sanamu ya Kristo msalabani iliyofunikwa ngozi, yenye nywele halisi na viungo vinavyokunjika. Kwa karne nyingi watu waliamini ile ni ngozi ya binadamu. Ni ya mnyama. Misa ni ya Kihispania, lakini anayeijua Misa ya kwao hapotei.

Las Huelgas ni nini, na kwa nini mnaisisitiza hivyo?

Ni monasteri ya watawa wa kike wa Kisitersiensi, mwendo wa dakika 20 hivi magharibi mwa katikati ya mji. Mfalme Alfonso wa Nane na mkewe Leonor, binti wa Henry wa Pili wa Uingereza, waliianzisha mwaka 1187, wakaifanya mahali pa kuzikia ukoo wa kifalme. Abesi wake, yaani mkuu wa watawa, alikuwa mtu mkubwa kweli kweli: alimiliki vijiji kwa makumi, alihukumu kesi, alitoa vibali ambavyo kwingine vilitolewa na askofu peke yake. Mamlaka hayo yalidumu hadi karne ya 19, Papa Pius wa Tisa alipoyafuta. Mwanamke wa karne ya 13 mwenye madaraka hayo, na wengi wetu tunaipita monasteri yake kwa sababu haina minara mirefu.

Watawa bado wanaishi humo, hivyo unaingia na kiongozi kwa kundi, si kuzurura peke yako. Maelezo ni ya Kihispania. Hata usipoelewa neno, utaona.

Utaona majeneza ya mawe ya wafalme na watoto wao. Utaona sanamu ya Mtakatifu Yakobo akiwa ameketi, mkono wake wa kulia una viungo na umeshika upanga. Inasimuliwa kuwa mfalme wa Castilla hakutaka kupewa heshima ya ushujaa na mtu aliye chini yake, basi mtume mwenyewe akamgusa bega kwa mkono huo wa mbao.

Halafu makumbusho ya nguo, ambayo ndiyo sababu ya kuja. Makaburi mengi ya humu yalivunjwa na wanajeshi wa Napoleon, lakini la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme aliyefariki mwaka 1275, lilisalimika. Alipofunguliwa karne ya 20 alikutwa na mavazi yake kamili: kanzu, joho, mkanda, na kofia iliyotariziwa ngome na simba za nembo ya Castilla na León. Nguo ya miaka 750, na rangi bado zipo. Tena tazama vitambaa vya watu wengine. Mto uliowekwa kwenye jeneza la Malkia Berenguela una maandishi ya Kiarabu. Hariri bora ya wakati ule ilifumwa na Waislamu wa Andalusia, na malkia Mkristo aliyetaka kitu kizuri aliinunua na akazikwa nayo.

Fika saa nne asubuhi milango inapofunguliwa. Makundi yakijaa utasubiri.

Mimi ni Mwislamu. Njia hii inanihusu?

Njia iko wazi kwa kila mtu, hosteli haziulizi dini. Wapo wanaoitembea kwa ibada, kwa kuomboleza, kwa mazoezi, au kwa sababu kazi imewachosha. Ukifika Santiago utaulizwa sababu ya safari: Compostela ni ya waliotembea kwa dini au kwa kutafuta jambo la roho, wengine hupewa cheti cha namna nyingine.

Lakini tusifiche. Njiani utakutana na sanamu za Mtakatifu Yakobo juu ya farasi, upanga juu, Waislamu chini ya kwato. Ni picha za vita vya karne nyingi vya kugombea rasi ya Iberia, na zimo kwenye makanisa mengi. Burgos inakuonyesha hilo na kinyume chake kwa pamoja. Las Huelgas wanatunza pazia la kifahari la Waalmohadi, watawala Waislamu wa wakati ule, lenye aya za Kurani, ambalo mapokeo yanalihusisha na vita vya Las Navas de Tolosa vya 1212, kati yao na wafalme Wakristo. Siku ya Ijumaa baada ya Corpus Christi nakala yake hupitishwa kwa maandamano. Kwenye kumbi hizo hizo kuna kikanisa chenye nakshi za plasta zilizochongwa na mafundi wa mtindo wa Kiislamu, kwa malipo ya wafalme waliokuwa vitani na ndugu zao.

Chakula tunakijibu hapa chini.

Huyu El Cid anayeonekana kila kona ni nani?

Rodrigo Díaz, mzaliwa wa Vivar, kijiji kilicho kaskazini kidogo ya Burgos kwa mapokeo ya wenyeji. Alikuwa kamanda wa karne ya 11. Mfalme wake alimfukuza, naye akaenda kumtumikia mtawala Mwislamu wa Zaragoza kwa miaka kadhaa, baadaye akaiteka Valencia na kuitawala mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1099. Mashairi yakamfanya shujaa wa Wakristo asiye na doa. Mifupa yake nayo imesafiri: alizikwa San Pedro de Cardeña, kaburi likavunjwa na Wafaransa, masalia yakahamahama, hadi yakatulia chini ya lile kuba mwaka 1921. Sanamu yake ya farasi iko karibu na daraja la San Pablo, joho likipepea, ndevu hadi kifuani.

Tule nini, na tuepuke nini?

Fahari ya Burgos ni *morcilla*: utumbo uliojazwa damu ya nguruwe, wali, vitunguu na viungo, ukakatwa vipande na kukaangwa. Kwa Mwislamu na Msabato, huo ndio wa kuukwepa wa kwanza. Unanukia vizuri na unaletwa mezani bila kuombwa kama kionjo cha kinywaji, basi uliza kabla ya kuuma. Maharage mekundu nayo hupikwa na nyama ya nguruwe, hata yanapoitwa maharage tu. Sema *sin cerdo, por favor* (bila nguruwe, tafadhali), ukiongeza *ni jamón ni chorizo* (wala paja la nguruwe lililokaushwa wala soseji yake), kwa sababu kuna wahudumu ambao kwao *jamón* si nguruwe, ni *jamón*.

Kinachobaki si haba. Jibini ya Burgos ni nyeupe, laini, haina chumvi kali, huliwa na asali na jozi. Mwanakondoo mchanga huokwa kwenye tanuri la kuni. Samaki wapo, mayai yapo, *tortilla* ya viazi ipo kila baa, ila uliza kama haikutiwa kitu.

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi. Cha usiku mikahawa mingi haikupi kabla ya saa mbili u nusu au saa tatu, wakati mlango wa hosteli unafungwa saa nne. Kwa hiyo ama ule mlo wa mahujaji, unaowahi zaidi na hugharimu kama yuro 12 hadi 16, ama ununue vitu dukani upike.

Burgos kuna baridi kweli? Mimi naenda Juni.

Mji uko mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wahispania wenyewe huutania kwa baridi yake. Asubuhi ya Juni ni kama Njombe au Limuru mwezi wa Julai: pumzi inaonekana, mikono mfukoni. Mchana unavua sweta. Julai na Agosti mchana ni mkali, usiku bado unataka blanketi. Desemba hadi Februari kuna theluji na hosteli nyingi za vijijini zimefungwa. Miezi yetu ni Mei na Septemba.

Mwisho wa Juni, siku za Mtakatifu Petro na Paulo, mji una sikukuu yake kubwa na vyumba huadimika. Na mwaka 2027 tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, hivyo ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago. Anayeupenda umati ajiandae, asiyeupenda atembee mwaka mwingine.

Nimeshatembea hadi Namugongo. Hii ni tofauti?

Sana. Kwenda Namugongo mnatembea kiparokia, mna bendera, nyimbo na gari la mizigo, na wote mnalenga tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda. Huku hakuna siku ya pamoja. Watu huanza siku yoyote, mahali popote, na mtu unayekula naye leo unaweza usimwone tena. Rozari ya pamoja barabarani ni nadra. Ila aliyewahi kutoka Kenya au Tanzania kwa miguu hadi Namugongo hana la kujifunza kuhusu malengelenge. Utakuwa miongoni mwa Waafrika wachache njiani na utaulizwa umetoka wapi mara nyingi, wengi wakiwa na nia njema tu.

Jumba la Mageuzi ya Binadamu linafaa kwa mtu aliyechoka?

Linafaa, lina viti na joto. Lilifunguliwa mwaka 2010 ng'ambo ya mto, kwa ajili ya mifupa ya Atapuerca, vilima ulivyovipita siku moja kabla. Huko wamechimba mabaki ya watu wa zaidi ya miaka 800,000, na shimo moja limetoa mifupa ya zaidi ya watu 25 wa miaka kama 430,000. Msomaji aliyefika Olduvai atafurahi: simulizi ya jumba hili inaanzia Afrika Mashariki, na Lucy, zamadamu maarufu wa Ethiopia, yumo kwa umbo la mwili mzima. Ukilazimika kuchagua kati ya hapa na Las Huelgas, nenda Las Huelgas.

Na ile ngome juu ya mji?

Magofu. Wafaransa waliilipua mwaka 1813 wakati wakirudi nyuma, na mshindo ukavunja vioo vingi vya rangi vya kanisa kuu. Panda kwa ajili ya mandhari, jioni.

Mguu umeumia. Niende wapi?

Duka la dawa lenye msalaba wa kijani, ndilo la kwanza. Wafamasia wa mji huu wanaona miguu ya mahujaji kila siku. Dharura piga 112. Kama ni begi tu linalokuumiza, kampuni za mizigo hulipeleka hadi kituo kinachofuata kwa yuro chache. Unaacha bahasha hosteli jioni.

Nikiondoka, njia inaelekea wapi?

Magharibi. Unavuka mto kwenye daraja la Malatos, unapita bustani ya El Parral, na muda mfupi baadaye uko Hospital del Rey. Ilikuwa hospitali ya mahujaji, ya Mfalme Alfonso yule yule wa Las Huelgas. Sasa ni kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Burgos. Ingia uani ukikuta geti wazi. Milango ya kanisa lake ni ya mbao ya karne ya 16, na juu yake wamechongwa mahujaji wakitembea: mzee na fimbo yake, watu wamechoka, na mama ananyonyesha mtoto huku akienda.

Kutoka hapo ni Tardajos kama kilomita 11 kutoka katikati ya mji, kisha Rabé de las Calzadas, halafu Hornillos del Camino, jumla kama 21. Baada ya Rabé hakuna kijiji wala kivuli kwa kilomita nane hivi, basi jaza chupa zote mbili pale kijijini. Hornillos ina vitanda vichache. Ukifika baada ya saa nane mchana wakati wa kiangazi, piga simu Hontanas, kilomita kama 10 mbele, kabla ya kuamua kuendelea.